Upande wa Pili wa Ukuta

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipokea mkononi mwa mke wako, nami nimeisoma yote. Watu wakiandikiana huanza kwa kusema kwamba mwandishi hajambo na hofu ni kwa anayeandikiwa. Mimi nina mambo. Miguu imevimba hadi viatu vyote vimenikataa, pumzi naivuta kama mtu anayepanda ngazi huku amelala, na daktari ameacha kunidanganya, jambo ambalo nimemshukuru. Hofu sina tena. Ile iliyobaki nakuachia wewe, maana utaihitaji ukimaliza kusoma.

Natumaini umeketi. Natumaini presha yako imetulia, na kwamba goti lako la kushoto bado linakusumbua, kwa kuwa ndicho kiungo pekee mwilini mwako kilichowahi kukukatalia jambo. Nawasalimu wote nyumbani kwako, isipokuwa mwanao.

Mengi nitakayoandika unayajua. Vumilia. Barua hii nimemsomea mjukuu wangu kabla ya kuituma, na nina hakika mke wako naye ataisoma njiani. Wao hawakuwepo wakati ule, nami sitaki mtu aje kuwatafsiria baada ya mimi kuondoka.

Umeniandikia kwa adabu kubwa. Umeniita dada mpenzi, nguzo ya ukoo, mama wa pili. Mara ya mwisho kuniita hivyo ulikuwa kijana huna kazi na unataka nikuombee. Kwa hiyo nilipofika kwenye nguzo ya ukoo nilijua kuna kitu kinakuja, na kweli kikaja. Mwanao, meneja wa ghala la dawa, ameshtakiwa na binti aliyekwenda pale kujifunza kazi. Makao makuu wameunda kamati, itakaa Jumatatu. Shahidi ni mmoja tu, mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu niliyemlea kwa mikono hii, ambaye mwanao alimpa kazi ya kutunza stoo na hajaacha kutukumbusha. Unataka mimi, mkubwa wa ukoo, nimwambie mtoto kwamba hakuona kitu. Umeandika kwamba damu haitoi ushahidi dhidi ya damu. Umeandika pia kwamba Jumamosi umeitisha kikao chumbani kwangu, ili nisisumbuke kuamka, na mtoto amwombe radhi mjomba wake mbele ya wazee. Kisha mwishoni kabisa, kama mtu anayekohoa, umenikumbusha kwamba muuguzi anayenihudumia analipwa na mwanao, na kwamba ingekuwa huzuni kama misukosuko ya kazini ingemfanya ashindwe kuendelea.

Muuguzi nimemwachisha kazi. Aliondoka analia, maskini, maana ni mtu mwema na hakujua alikuwa silaha. Kabla ya kwenda alimwonyesha mjukuu wangu namna ya kunigeuza bila kuniumiza na namna ya kupima dawa. Mtoto ananigeuza vibaya, ananiomba samahani, ananigeuza tena. Nitakufa na michubuko miwili mitatu ya ziada. Mshale huo umeshautumia, tafuta mwingine.

Sasa nianze na alichokiona mtoto, kwa sababu kwenye barua yako umekiita utani wa kazini. Siku hiyo alikuwa nyuma ya rafu za mwisho, ameinama anakagua maboksi ya dripu yaliyolowana chini. Mwanao akaingia na yule binti, akamtuma apande ngazi ashushe boksi la juu. Binti alipopanda, mwanao akaishika ngazi, na mjukuu wangu akadhani anamshikia isiyumbe. Kisha akaona mkono mmoja umeacha ngazi na kumpanda binti. Binti akaomba ashuke. Mwanao akamwambia atashuka akishajifunza kumshukuru mtu aliyempa nafasi inayoliliwa na watu mia. Akaitikisa ngazi kidogo, anacheka, kama mtu anayetikisa mti ili tunda lidondoke. Binti alikuwa ameng'ang'ania rafu kwa mikono yote miwili, hivyo hakuwa na mkono wa kujitetea. Mjukuu wangu akasukuma rundo la maboksi likaanguka kwa kishindo, akajitokeza, akauliza kama kuna aliyeumia. Mwanao akarekebisha tai yake, akasema stoo hii ni chafu mno.

Huo ndio utani. Mimi nimesoma vitabu vingi vya vichekesho kwa ajili ya mshahara na sijakutana na huo.

Kesho yake mwanao alimwita mtoto ofisini. Alimwita "mpwa wangu" mara nyingi kuliko alivyowahi kumwita tangu azaliwe. Alimwambia kuna nafasi ya msimamizi inakuja. Mtoto alipoinuka aondoke, akamwambia basi, nafasi ya mtunza stoo pia inaweza kuwa wazi. Alipotoka pale alikuja moja kwa moja kwangu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda na begi lake bado begani, akaniuliza afanye nini. Alisema anaogopa kuonekana msaliti. Alisema babu yake mdogo, yaani wewe, amempigia simu na kumwambia kikulacho ki nguoni mwako.

Ulichagua methali nzuri. Hukujua tu nguo ilikuwa ipi.

Wenye umri wa mtoto hawajui kazi yetu ilikuwaje, kwa hiyo nitaieleza. Mimi nilisoma prufu katika kiwanda cha uchapaji tangu nilipotoka shule hadi nilipostaafu. Kazi ile ilifanywa na watu wawili wawili. Mmoja alisoma kwa sauti maandishi ya mwandishi mwenyewe, na mwenzake alifuata kwenye karatasi iliyotoka mashineni, akisahihisha. Msomaji hakusoma maneno peke yake. Alisoma kila kilichokuwepo: mkato, nukta, fungua mabano, funga mabano, aya mpya. Tena alisoma kwa sauti moja, bila kucheka penye kichekesho wala kuhuzunika penye msiba, kwa sababu ukianza kuionja habari unaacha kuona herufi. Sheria za nchi na maelekezo ya dawa ya minyoo tulizisoma kwa sauti ile ile. Ili watu wasichanganyane, kila jozi ilikuwa na kichumba chake cha mbao nyembamba, na mlango ulifungwa. Sauti za jirani zilipenya, lakini mtu alizizoea kama anavyozoea mvua juu ya bati.

Ni mimi niliyekuombea kazi pale. Ulipofika hukujua hata alama ya kufuta herufi. Nilikufundisha mimi, jioni baada ya jioni, kwenye meza ya mama. Haikupita miaka mingi ukawa mkuu wangu, kwa kuwa siku zile cheo kilikuwa kinavaa suruali. Sikukuonea wivu. Nilijivuna. Niliwaambia watu huyo ni mdogo wangu.

Mkuu wa chumba ndiye aliyepanga nani asome na nani, na wewe ukajipangia wasichana wapya. Ulisema unawanoa. Hujawahi kujua jina walilokupa, basi lipokee leo: walikuita Pweza. Walikuwa wakiambiana asubuhi kwenye kunawa mikono kwamba Pweza leo kajipaka manukato, kaa mbali; kwamba Pweza ana mikono minane na yote haina kazi. Niliwasikia nikiwa bado mlangoni; nikiingia, wakaulizana bei ya sabuni. Msichana mmoja aliacha kazi akisema wino unamletea kikohozi. Mwingine aliondoka siku moja asirudi. Hata mwavuli wake aliuacha. Nilikufuata nikakuuliza. Ulicheka, ukaniambia dada, umeanza kuzeeka, wasichana wa siku hizi wanapenda kutaniwa. Nikataka kukuamini, na mtu akitaka kuamini hakosi njia.

Kisha akaja Kengele.

Tulimwita hivyo kwa ajili ya sauti yake, iliyokuwa safi, haina mkwaruzo hata mwisho wa siku. Alikuwa mrefu, ana mwanya, na mchumba wake alikuwa fundi saa. Tena alikuwa na ulimi. Ulipomwambia mbele ya watu kwamba gauni lake linampendeza, alikujibu kwamba hata likiwa kwenye msumari linapendeza, na kama mkuu analipenda sana atalileta kesho alitazame huko huko msumarini. Watu walicheka hadi mpiga chapa akakosea karatasi. Wewe pia ulicheka. Mimi peke yangu niliyekujua tangu unanyonya niliona kwamba hukucheka.

Kesho yake ukampanga asome na wewe.

Alivumilia muda. Sijui aliambiwa nini siku zote zile, maana mashine zilikuwa zinanguruma. Lakini ilifika alasiri moja mashine zikasimamishwa ili rola zioshwe, na jengo zima likawa kimya kama darasa lenye mtihani. Mimi nilikuwa kichumba cha jirani na mwenzangu, ambaye alikuwa ametoka kufuata chai. Nilikuwa peke yangu na ukuta. Kengele alikuwa anasoma kitabu cha ufugaji wa kuku. Alisoma kwa sauti ile ile ya kazi, haipandi, haishuki, na nitaandika alichosoma kama nilivyokisikia, kwa sababu hakijanitoka hadi leo:

"Banda liwe na hewa ya kutosha nukta. Kuku wasibanane mkato kwani joto huleta maradhi nukta. Leo usiwahi kuondoka mkato tutabaki mimi na wewe mkato mlango nitaufunga mwenyewe nukta. Ukinikatalia mkato kumbuka nani anatia sahihi ya kukuthibitisha kazini nukta. Bwana mkuu mkato ondoa mkono wako kwenye paja langu nukta. Nimesema ondoa alama ya mshangao. Aya mpya. Maji ya kunywa yabadilishwe kila asubuhi nukta."

Alikuwa anasoma kila kilichokuwepo, kama tulivyofundishwa. Ulichomnong'oneza alikitia kwenye kitabu.

Huko chini mashineni mtu akapiga kofi moja, na mwingine akasema kwa sauti nzito, aya mpya! Jengo zima likaangua kicheko. Ulitoka kichumbani uso umekuiva. Ulisema yule binti ana wazimu. Na kwa wiki nzima ukipita mahali lazima mtu aulize kama banda lina hewa ya kutosha.

Laiti ungeishia pale, ukanywa aibu yako, ukakaa. Lakini hukuumbwa hivyo. Kengele hakukushtaki popote. Wewe ndiye uliyempeleka kwa mkurugenzi. Ulimshtaki kwa kumtukana mkuu wake na kuharibu kazi, ukataka afukuzwe. Ukamhamishia kwanza chumba cha kukata karatasi, akaokote vipande sakafuni wakati shauri linasubiri. Mkurugenzi akawaita watu mmoja mmoja. Wale wale waliocheka wote wakawa viziwi. Wote walisema mashine zilikuwa zinanguruma. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba siku ile rola zilikuwa zinaoshwa, na yule aliyesema aya mpya alisema hata hajui habari za kuku.

Siku ile jioni ulinisubiri kwenye korido. Ulinishika kiwiko, ukaniambia dada, wewe ulikuwa kichumba cha jirani, utakaloulizwa unalijua. Nikakujibu kwamba nilikuwa nafuata kazi yangu na sikusikia kitu. Ukanibusu kwenye paji la uso. Nilinawa nilipofika nyumbani.

Kisha, kama ujuavyo, hakufukuzwa Kengele. Ulifukuzwa wewe, tena bila barua ya kukusifia. Ulikuja kwa mama ukapiga meza. Ulisema kuna maelezo mamoja tu: yule malaya amempa mkurugenzi kile alichokunyima wewe. Kumbe ulikiri kwamba ulinyimwa, lakini hakuna aliyelisikia neno lile, maana mama alikuwa tayari analia. Mama alimlaani Kengele kwa jina na kwa jina la mama yake, bila kuwahi kumwona. Alimlaani hadi anakata roho. Na mimi nilikuwa pale, nimeshika sahani, nikaiweka mezani polepole isitoe sauti.

Basi sikiliza, Pweza. Kengele hakumpa mkurugenzi kitu. Hakuwahi hata kupanda ngazi za kwenda ofisini kwake isipokuwa siku alipoitwa. Aliyepanda ni mimi. Asubuhi baada ya wewe kunibusu, nilifika kazini kabla ya watu, nikangoja mlangoni kwa mkurugenzi, nikamwambia kila neno nililosikia, nukta kwa nukta. Nilimwambia na habari za yule wa kikohozi na yule wa mwavuli. Akaniuliza kama ninajua kwamba ninamsema ndugu yangu. Nikamwambia ninajua, ndiyo maana anapaswa kuniamini.

Kwa hiyo damu ilishatoa ushahidi dhidi ya damu. Ilikuwa damu yangu, na yako. Umekuwa ukila kwangu sikukuu baada ya sikukuu, ukimtukana mwanamke asiyehusika, huku mimi nakuongezea mchuzi. Kwa hilo la kukusema siombi msamaha, sikuwahi kulijutia hata dakika moja, na kama ningeweza kuamka ningelirudia Jumatatu kwa ajili ya mwanao.

Usishangilie mapema kwamba mgonjwa amekuja kujisifu. Lipo ninalokwenda nalo kaburini, nalo si lako, ila utalisoma.

Nilimwomba mkurugenzi jina langu lisitoke. Alikubali, akawa mwungwana, akalificha. Na jina langu lilipokosekana, watu wakatafuta la kujaza, nawe ukawapa. Ukaenda hadi kibandani kwa fundi saa, ukamwambia mchumba wake analala na mkurugenzi. Fundi saa akamrudishia Kengele saa ya mama yake aliyokuwa akiitengeneza, haijaisha kutengenezwa, na hakumtazama tena. Kazini alirudishwa kichumbani kwake kwa heshima, lakini nimekwisha kueleza kwamba kazi ile ilikuwa ya watu wawili. Hakuna mwanamume ambaye mkewe angekubali ajifungie chumbani na Kengele. Hakuna msichana aliyetaka harufu ile imshike. Kila asubuhi alifungua mlango wake, akaketi na karatasi mbele yake, na kiti cha mwenzake kikawa kitupu. Alijaribu kufanya peke yake, jicho moja huku na jingine kule, akakosea, akaonywa, akakosea tena. Mkuu mpya aliuliza kama kuna atakayejitolea kusoma naye. Tulikuwa chumba kizima. Mimi nilikuwa msomaji mwenye uzoefu kuliko wote na siku ile sikuwa na mwenzangu, kwani alikuwa mgonjwa. Nilitazama kucha zangu.

Nilihofu kwamba nikiketi naye utaelewa. Nilihofu macho ya mama. Ilikuwa hatua chache tu kutoka kiti changu hadi chake, na sikuzipiga, wala siku ile wala siku yoyote hadi alipofungasha. Ushahidi wangu ulikuwa wa asubuhi moja, mlango umefungwa. Woga wangu ulikuwa wa kila siku na mlango ukiwa wazi.

Haya yote nilimwambia mjukuu wangu siku ile alipoketi kitandani kwangu na begi lake. Nilitegemea atanishika mkono. Alisimama. Aliniuliza kama yule mama bado yuko hai. Nikamwambia nasikia yuko. Akaniuliza sasa tunangoja nini, au mpaka na yeye afe, ili tumwombe msamaha kwenye jiwe. Mtoto ana ulimi; nimemsomesha mwenyewe, silalamiki. Akaazima kiti cha magurudumu zahanati, akanisukuma.

Kengele anaishi na mtoto wa dada yake, vyumba viwili nyuma ya gereji. Amefua nguo za watu hadi vidole vimepinda. Sauti bado ni ile ile. Nilieleza kila kitu, pumzi zikikatika katikati, naye akaendelea kukunja shuka. Nilipomaliza akaniambia kwamba alijua tangu mwanzo. Mkurugenzi alimwambia kuna shahidi, akamficha jina, lakini kuta za kichumba chake zilikuwa mbili. Upande mmoja ni dirisha la barabarani na upande wa pili nilikuwa mimi. Alisema hakuhitaji kuambiwa. Alisema kilichomshangaza hakikuwa kwamba nilisema. Alikuwa akinisubiri nije nikae. Kila asubuhi alisubiri, akasema, kwa sababu alidhani mtu aliyeweza kumshtaki ndugu yake hawezi kushindwa kuvuta kiti.

Nikamwomba anisamehe. Akasema nimekuja kwake nipunguze mzigo ili nife mwepesi, na yeye si mchukuzi. Akasema nife nao, ni saizi yangu. Hakupaza sauti. Kisha akamgeukia mjukuu wangu, akamuuliza kama kwenye kamati ile atasema jina lake au naye ataomba lifichwe. Mtoto akamwambia atalisema. Kengele akamtazama sana. Akamwambia kuwa kusema ni kazi ya siku moja tu, hata bibi yake aliiweza. Kazi yenyewe ni keshokutwa yake, wakati yule binti atakapoingia chumba cha kulia na watu wote wakajifanya wana haraka. Akamwambia kama hataweza kukaa naye siku hizo, basi na Jumatatu asiende. Akatufungulia mlango. Chai hakutupa, na alifanya vema.

Tangu siku ile mjukuu wangu anakula mchana na yule binti. Wenzao wameanza kuhama meza. Jana mwanao alipita akawauliza kama wanafunga ndoa. Mtoto akamjibu kwamba mjomba, wewe wa ngazi hatukualiki. Unaona, tumeanza kucheka tena, na safari hii wanaocheka hawatakuwa viziwi wote. Wawili wa kule kupakia wamemwambia kwamba wakiitwa na wao wana la kusema.

Kwa hiyo hili ndilo jibu langu. Kikao cha Jumamosi nimekifuta. Mimi ndiye mkubwa, na umeandika mwenyewe kwamba neno la mkubwa halipingwi. Ukija utakuta mlango umefungwa, na wazee nimeshawapelekea habari, pamoja na sababu. Usimtumie mtoto mtu wala simu. Kengele usimkaribie, huna la kumwambia, na mimi sikukutuma.

Lipo moja la mwisho, na hili ni agizo. Daktari hana hakika kama nitafika Jumatatu. Nakujua wewe na mwanao. Mnaweza kuutumia msiba wangu kumfungia mtoto ndani, mkamkalisha kwenye mkeka, mkamwambia ana moyo gani wa kwenda kusema watu na bibi yake hajazikwa. Nimemwapisha mbele ya mke wako, anayengoja barua hii sebuleni. Nikifa kabla, nifunikwe shuka niachwe. Aende kwanza kwenye kamati, aseme alichoona na jina lake kamili, amsubiri yule binti amalize, amrudishe kwao, ndipo arudi kunizika. Maiti haina haraka.

Nisalimie majirani wanaonikumbuka. Mke wako nimemsalimia mwenyewe. Ameniuliza swali moja kuhusu wasichana wa zamani, nami nimemjibu, kwa hiyo akichelewa kuingia nyumbani leo usimgombeze. Uwe na afya njema, mdogo wangu, na maisha marefu, ili uwe na muda wa kuyafikiria haya.

Ni mimi, ndugu yako kwa damu, na kwa damu tu,

Dada